Sebule za angani za 747, DC-10 na TriStar: zilikaa wapi, na kwa nini zilitolewa?

Mlezi_wa_Klabu (Nairobi)

Hamjambo wadau. Klabu ya usafiri wa anga ya shule moja ya upili huku Eastlands inataka kujenga mfano wa kadibodi wa sebule ya abiria ndani ya ndege pana za mwanzo, zile zilizoingia kazini kati ya 1970 na 1972: Boeing 747, DC-10 na Lockheed L-1011 TriStar. Wanafunzi wameona picha za ngazi ya msokoto, makochi na kaunta ya vinywaji, na sasa maswali hayaishi.

Wanauliza sebule hizi zilikaa sehemu gani hasa ya ndege, na kwa nini abiria hawakuruhusiwa kukaa humo wakati wa kupaa na kutua. Tena, kama zilipendwa hivyo, mbona zilitoweka baada ya miaka michache tu? Wengine wanajibu "bei ya mafuta ya 1973" na kuishia hapo. Sitaki kuwafundisha jibu la haraka halafu liwe na kasoro. Wanataka pia kujua kama 747 za enzi hizo zilifika Embakasi, uwanja wetu wa ndege wa Nairobi. Mwenye ujuzi wa muundo, upakiaji au huduma za ndani ya ndege atusaidie kwa kina, na vipimo kama vipo.

Fundi_Embakasi

Mwalimu, anza na nundu ya 747, yaani ile ghorofa fupi ya juu nyuma ya marubani, maana ukiielewa hiyo mengine yanafuata.

Shirika la ndege la Pan Am la Marekani liliagiza 747 25 mwezi Aprili 1966. Wakati huo wengi katika biashara hii waliamini kwamba ndege zinazopita kasi ya sauti zingekuja kuchukua abiria wa safari ndefu, kwa hiyo 747 ilitakiwa iweze kuishi maisha ya pili kama ndege ya mizigo: pua ifunguke kwenda juu, kontena ziingie moja kwa moja. Pua ikifunguka, chumba cha marubani hakiwezi kubaki njiani. Kikapandishwa juu ya ghorofa kuu. Lakini chumba kilichosimama juu ya paa bila kuinamishwa taratibu kuelekea nyuma huvuruga upepo na kuiburuza ndege, hivyo kikundi cha Joe Sutter, mhandisi mkuu wa 747 huko Boeing, kikarefusha umbo hilo kwenda nyuma. Hapo ikazaliwa nafasi ambayo hakuna aliyeiomba. Ilifikiriwa kama mahali pa kupumzikia wafanyakazi wa ndege. Juan Trippe, mkuu wa Pan Am, ndiye aliyesisitiza iwe ya abiria.

Sasa, kwa nini makochi na si viti vya kuuza? Jibu ni milango. Tangu 1967 sheria ya Marekani ilimtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 wakitumia nusu tu ya milango ya dharura. Ghorofa kuu ya 747 ina milango 10, mitano kila upande, mipana ya kupitisha watu wawili sambamba. Ghorofa ya juu ya ndege za mwanzo ilikuwa na mlango mmoja upande wa kulia, karibu mita 8 kutoka kwenye lami, na ngazi nyembamba ya msokoto inayopitisha mtu mmoja kwa wakati. Moshi ukianza chini, unapanda kupitia tundu hilo hilo la ngazi ambalo watu wa juu wanalitegemea kushukia. Marubani wenyewe walikuwa na tundu la paa lenye kamba za kushukia, lakini hilo si la abiria. Kwa hali hiyo idadi ya watu wanaoweza kuhesabiwa juu wakati wa kupaa na kutua ilikuwa ndogo mno kuifanya iwe biashara. Abiria wa daraja la kwanza alikuwa na kiti chake chini, alifunga mkanda huko, kisha taa ya mkanda ikizimwa anapanda.

Sababu ya pili ni makochi yenyewe. Kiti cha abiria cha enzi hiyo kilitakiwa kuhimili mara 9 ya uzito wake na wa anayekikalia, kuelekea mbele. Kochi lililotazama ubavuni linamtupa mtu kiubavu, mkanda wa kiunoni hauushiki mgongo wala shingo. Ndiyo maana katika picha utaona viti vya kuzunguka na makochi ya upinde bila abiria hata mmoja wakati ndege iko ardhini, isipokuwa ni picha ya matangazo.

Kwa mfano wenu zingatieni dirisha. 747-100 za kwanza zilikuwa na madirisha 3 tu kila upande wa ghorofa ya juu. Zile zenye madirisha 10 ni za baadaye, sebule zilipoanza kugeuzwa kuwa vyumba vya viti. Mfano wenye makochi ya 1970 na madirisha 10 utaulizwa maswali na yeyote anayejua.

Jambo moja wanafunzi wa fizikia watalipenda: mrija wa duara unapojazwa hewa, ukuta wake unavutwa sawasawa pande zote. Sehemu ya mbele ya 747 si duara. Ni umbo linalokaribia yai, na ubavuni kuna maeneo karibu bapa. Kila ndege inapopanda na kushinikizwa, maeneo hayo yanataka kuvimba yawe duara, na fremu zinapinda kidogo, ikitua zinarudi. Mpinde huo ukirudiwa maelfu ya mara, fremu zinaanza kupasuka. Mafundi wanaiita Sehemu ya 41, na katika miaka ya 1980 mamlaka ya Marekani ililazimisha ukaguzi na uimarishaji wake kwenye ndege zote za zamani. Hiyo ndiyo bei ya kimuundo ya nundu.

HesabuYaUzito

Nakubaliana na Fundi, ila hili la mafuta lazima linyooshwe, kwa sababu wanafunzi wakilibeba vibaya hawataelewa kwa nini sebule zilikuwepo hata kabla ya kuuliza kwa nini ziliondoka.

Sebule ilikaa mahali ambapo nafasi haikuuzika. Ya ghorofa ya juu haikuuzika kwa sababu ya mlango, kama ilivyoelezwa. Ya nyuma ya daraja la kawaida, ile ambayo American Airlines iliweka kinanda cha umeme cha Wurlitzer ndani ya 747, haikuuzika kwa sababu abiria hawakuwepo. Ndege pana zilifika wakati uchumi wa Marekani umedorora 1970, na zilileta viti mara mbili na zaidi ya Boeing 707, ndege iliyozitangulia. Nauli za ndani ya Marekani zilipangwa na bodi ya serikali; shirika halikuweza kushusha bei ili kujaza ndege. Hata hesabu ya nauli ambayo bodi hiyo ilikuja kuitumia ilichukulia kwamba viti 55 kwa kila 100 ndivyo vitakuwa na watu. Kama viti 45 kwa kila 100 ni vitupu na huruhusiwi kupunguza bei, unashindana kwa kitu gani? Kwa nyama ya kuchoma, kinanda na kochi.

Twende kwenye namba. 747 za mwanzo zilikuwa na viti 9 kwa safu katika daraja la kawaida. Chukua safu 6 zenye nafasi ya sentimita 86 kutoka kiti hadi kiti: ni viti 54 na urefu wa mita 5.2 hivi. Ukiving'oa, unapata chumba cha mita 5.2 kwa upana wa mita 6.1. Abiria 54 na mizigo yao, kwa makadirio ya kilo 95 kila mmoja, ni kilo 5,130. Sasa weka kaunta, makochi, kinanda na vinywaji, tuseme kilo 1,500. Sebule ni nyepesi kuliko viti vilivyojaa! Ndege yenye sebule haikuchoma mafuta zaidi, ilichoma pungufu kidogo. 747-100 ilikunywa karibu tani 11 hadi 12 kwa saa ikiwa na sebule au bila.

Kilichobadilika Oktoba 1973 na miezi iliyofuata ni kwamba bei ya pipa ilipanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12. Tani 12 zilezile kwa saa ziliongezeka gharama, na mashirika yakapunguza idadi ya safari. Safari zikiwa chache, watu walewale wanajazana katika ndege chache. Hapo ndipo zile safu 6 zilipata wanunuzi, na chumba cha mita 5.2 kikaanza kugharimu tiketi 54 kila safari. Mafuta yaliua sebule kwa kupitia viti. Halafu mwaka 1978 Marekani iliacha kupanga nauli, ikawa vita ni vya bei, na safu zikaongezwa hadi viti 10.

Mtihani mzuri kwa wanafunzi wako ni kitovu cha uzito. Watu 30 wa kilo 75 wakitoka katikati ya ndege kwenda sebule ya nyuma, mwendo wa mita 20, wamehamisha kilo 2,250 kwa mita 20, yaani kilo-mita 45,000. Gawanya kwa uzito wa ndege, tuseme kilo 250,000: kitovu cha uzito kimesogea nyuma sentimita 18. Wastani wa upana wa bawa la 747, ule tunaoutumia katika karatasi ya upakiaji, ni mita 8.3, kwa hiyo ni asilimia 2.2 hivi. Si hatari, ila lazima mpakiaji awe ameacha akiba kabla ya mpaka wa nyuma. Pua inataka kuinuka, na rubani wa kujiendesha analazimika kusogeza mkia wa mlalo kidogo kuirudisha. Sherehe ikiisha na watu wakirudi vitini, anausogeza tena.

Kuhusu Embakasi: ndiyo, 747 zilifika. Ushahidi wake ni wa huzuni. Tarehe 20 Novemba 1974, 747-130 ya Lufthansa iliyokuwa ikielekea Johannesburg ilianguka punde tu baada ya kuondoka hapa, na watu 59 kati ya 157 walifariki. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua. Vibamba vya mbele ya bawa havikuwa vimefunguka kwa sababu valvu za hewa inayoviendesha zilikuwa zimefungwa. Mkiitaja kwenye maonyesho, itajeni kwa heshima. Wako wazee Nairobi wanaoikumbuka siku ile. Shirika letu la wakati huo, East African Airways, lilirusha Super VC10 kwenye njia ndefu, na hiyo ni ndege ya njia moja ya katikati isiyo na sebule. Kenya Airways ilipopokea Airbus A310 mwaka 1986 mtindo ulikuwa umeshapita zamani.

Na hapa kuna jambo la kwetu kabisa. Uwanja uko mita 1,624 juu ya bahari. Adhuhuri ya nyuzi 25, hewa ya Embakasi ina karibu asilimia 80 ya uzito wa hewa ya kiwango (nyuzi 15) kwenye usawa wa bahari. Injini zinapata pumzi kidogo, mabawa yanahitaji kasi kubwa zaidi, na ndege inayokwenda mbali mara nyingi inafikia kikomo cha uzito kabla ya viti kuisha. Katika hali hiyo nafasi tupu ndani ya ndege haikuwa hasara kubwa kama ilivyokuwa kwa ndege ya New York kwenda Los Angeles.

Sitaha_ya_Chini

Msisahau tumbo la ndege. 747 ina umaarufu wa juu, lakini DC-10 na TriStar zilikuwa na vyumba vya kazi chini ya sakafu, na mashirika kadhaa yaliweka jiko huko ili ghorofa kuu ibaki ya viti. Toroli na wahudumu walipanda na kushuka kwa lifti ndogo, mbili kwa kawaida. Lifti hizo zinahitaji kufuli zinazozuia toroli kusogea mlango ukiwa wazi, na zinazozuia lifti kwenda kama mlango wa ghorofa nyingine haujafungwa. Mwaka 1981 mhudumu mmoja wa DC-10 alifariki katika lifti ya jiko la chini. Ukiona maelekezo ya wahudumu yanasisitiza kutoingiza mwili ndani wakati toroli imo, usifikiri ni urasimu.

Sebule ya chini kabisa ilikuwa ya PSA, shirika la ndege la California, iliyopokea TriStar mbili mwaka 1974 zikiwa na chumba cha abiria katika sehemu ya mbele ya mizigo. Safari za PSA zilikuwa fupi, abiria wana mikoba ya mkononi, kwa hiyo tumbo lilikuwa tupu. Ni nafasi isiyouzika tena, kama alivyosema HesabuYaUzito. Lakini zilifika baada ya bei ya mafuta kupanda, na hazikudumu. Sheria kuhusu vyumba vya chini ni kali: watu wanaweza kuwemo ndege ikitembea ardhini au ikiwa angani, lakini si wakati wa kupaa wala kutua, na lazima pawe na njia mbili za kutokea, zilizo mbali, ili moto mmoja usizibe zote.

Sasa DC-10, na hili naomba mwalimu alisome taratibu kwa sababu ndilo funzo kubwa kuliko makochi. Ghorofa kuu na sehemu ya mizigo zote zimeshinikizwa, na sakafu kati yake imeundwa kubeba watu, haijaundwa kuzuia hewa. Tarehe 12 Juni 1972 mlango wa mizigo wa nyuma wa DC-10 ya American Airlines uling'oka juu ya Windsor, Kanada. Hewa ya chini ilitoka ghafla, hewa ya juu ikabaki inasukuma sakafu, na sakafu ikabomoka kuelekea chini. Nyaya za kuongozea mkia zinapita katika sakafu hiyo. Lakini mahali pale palikuwa na sebule, na haikuwa na mtu. Sakafu ilizama nusunusu, nyaya kadhaa zilibaki, na Kapteni Bryce McCormick aliitua ndege huko Detroit na watu wote 67 wakiwa hai. Tarehe 3 Machi 1974 mlango kama huo uling'oka kwenye DC-10 ya Turkish Airlines karibu na Paris. Hiyo ilikuwa imejaa, na mahali hapo palikuwa na safu za viti zenye abiria. Sakafu ilienda yote, nyaya zikakatika, watu 346 wakafa.

Uzito juu ya sakafu ni sehemu ya tofauti ile. Simaanishi kwamba kochi liliokoa watu. Kosa lilikuwa mlango ulioweza kuonekana umefungwa wakati ndoana hazijashika. Mwaka 1975 ndege zote pana zilitakiwa ziwe na sakafu na matundu ya kupitishia hewa yanayoweza kuvumilia tundu la ghafla la karibu mita 1.9 za mraba katika tumbo. Ndiyo zile grili ndogo unazoziona chini ya ukuta, karibu na miguu yako.

Jiko_la_Ndege

Nitasema machache kuhusu kuiendesha sebule, maana picha hazionyeshi kazi.

Kaunta inafungwa kwenye reli zilezile za viti, zenye matundu kila milimita 25.4. Kaunta ya kilo 150 ikisimamishwa ghafla kwa mara 9 ya mvutano wa dunia inavuta kwenda mbele kama mzigo wa kilo 1,350, hivyo haitoshi kuishika kwa miguu miwili ya mbele. Kila droo na kila chupa ina komeo lake, na mhudumu anahakikisha makomeo yote kabla ya kuteremka. Komeo lililochakaa halionekani mpaka ndege inapokanyaga breki.

Sinki ni chanzo cha kero kuliko kitu chochote. Maji ya kuoshea glasi hayaendi kwenye tangi la choo. Yanatolewa nje ya ndege kupitia mrija mfupi chini ya tumbo wenye kipashajoto. Kipashajoto kikifa, maji yanaganda mdomoni mwa mrija, na maji ya sinki yanarudi juu. Vipande vya limau na majani ya chai huziba vilevile. Dawa ni chujio, na kutomwaga maziwa humo.

Enzi hizo watu walivuta sigara ndani. Hewa ya ndege inaingia muda wote na kutoka kupitia valvu kubwa za kutolea hewa, na lami ya sigara iligandamana kwenye valvu hizo na kuacha madoa ya kahawia nje ya ngozi ya ndege. Sebule yenye watu 15 wanaovuta kwa pamoja ilihitaji matundu ya hewa mengi kuliko chumba cha viti cha ukubwa uleule.

Kinanda lazima kiwe cha umeme. Cha mbao na nyuzi kina uzito wa kilo 200 na zaidi, na hewa ya ndege ina unyevu chini ya asilimia 20, ubao wake unakauka na kutoka kwenye sauti. Lakini umeme wa ndege ni volti 115 kwa mizunguko 400 kwa sekunde, si 50 kama wetu wala 60 kama wa Marekani. Kichujio kikiwa dhaifu, spika inavuma kwa 400, na noti ya G iliyo juu ya C ya katikati ni 392. Mpigaji anasikia noti ya uongo karibu kabisa na ya kweli.

Mwinuko wa hewa ndani unaruhusiwa kufika mita 2,400. Kwa mtu wa Nairobi ni kama kukaa juu ya Limuru. Maji yanachemka kwa nyuzi 92 hivi, na chai haikolei vizuri. Pan Am ilitumia ghorofa ya juu kama chumba cha kulia kwa kuweka nafasi mapema. Hapo shida ilikuwa trei na ngazi. Ngazi ya msokoto haimpi mhudumu mkono wa kushika akiwa na trei ya mikono miwili. Mtikisiko ukianza, kushuka kunasimama kabisa.

Mlezi_wa_Klabu

Asanteni sana, hili la sakafu na la nafasi isiyouzika litakuwa bango la maonyesho. Tumeamua kujenga ghorofa ya juu ya 747-100 pamoja na kipande cha chini yake ili ngazi ionekane. Tunafikiria skeli ya 1 kwa 20. Je, itafaa? Na taa tufungeje zisiungue? Wanafunzi ni wa kidato cha pili na cha tatu.

Kadibodi_na_Gundi

1 kwa 20 ni nzuri, mwalimu, ila msijaribu ndege nzima: mita 70.6 zitakuwa mita 3.5. Kata kipande cha mbele tu.

Upana wa ndani wa ghorofa kuu, mita 6.1, unakuwa sentimita 30.5. Urefu wa dari yake, karibu mita 2.5, unakuwa 12.5. Ghorofa ya juu ina upana wa kutosha viti vitatu kwa vitatu na njia moja, kama 737, kwa hiyo chukueni sentimita 17.5. Mtu wa mita 1.7 ni sentimita 8.5, mkateni wa kwanza kabisa na mmweke kando ya kila kitu mnachojenga, kwa sababu kosa la kawaida ni makochi makubwa kuliko watu. Kiti cha kochi ni sentimita 2.2 kutoka sakafuni. Kaunta ni 5.5.

Anzeni na mbavu. Chora umbo la mkato mara moja kwenye karatasi, kunja katikati ili pande mbili zifanane, kisha kateni mbavu 6 au 7 kwa kadibodi ngumu ya milimita 3, mkizipanga kila sentimita 6. Kuta za ghorofa ya juu zinainamia ndani kuanzia usawa wa bega, na mkizisimamisha wima itaonekana kama basi. Sakafu ya juu iingie kwenye mbavu kwa mifereji, isibandikwe tu pembeni, la sivyo itashuka katikati baada ya wiki. Ngozi ni kadibodi ya milimita 1 iliyolowanishwa kidogo upande mmoja na kukunjwa juu ya chupa. Acheni ubavu wa kushoto wazi ili watu waone ndani. Ule mlango wa juu uko kulia, basi utabaki upande wa ngozi.

Ngazi: kwa kupanda sentimita 13, kateni vipande 13 vya umbo la kabari vya unene wa sentimita 1. Pandisheni kila kimoja juu ya kijiti cha kuchomea mishikaki, mkikizungusha nyuzi zilezile kila mara. Tengenezeni kipimo cha pembe kwa karatasi, macho yatawadanganya. Gundi ya mbao inatosha na inatoa muda wa kurekebisha. Gundi kali ya papo hapo muitumie kwa kitambaa cha makochi, na kwa tone moja, kwa sababu inaloweka kitambaa na kukifanya kigumu na cheupe. Vipande vya kitambaa vya rangi ya chungwa na kahawia mtavipata Gikomba kwa bei ya kuongea.

Taa: nendeni Luthuli Avenue mnunue taa ndogo nyeupe za LED 12 na adapta ya volti 12. Kila LED nyeupe inataka karibu volti 3.1. Ziungeni tatutatu kwa mfululizo, jumla volti 9.3, na kila kundi liwe na rizista yake ya omu 180. Mkondo unakuwa miliampea 15, na makundi 4 ni 60 tu, adapta yoyote ndogo itabeba. Wengi huunga LED zote sambamba kwa rizista moja; ile inayowaka kwa volti ndogo kidogo inachukua mkondo wa wenzake, inaungua, kisha inayofuata. Funikeni kwa karatasi angavu ya rangi ya chungwa, si ya njano, mkitaka ile joto ya picha za 1970.

Fundi_Embakasi

Nyongeza moja kwa Kadibodi. Kateni yale madirisha 3 ya upande wa ngozi kabla ya kuikunja, bado ikiwa bapa, na myaweke kwa mstari mmoja ulionyooka na sakafu ya juu. Mkisubiri ngozi ikishakunjwa, kisu kitateleza na madirisha yatapanda mlima.